Mlango Wazi Si Karibu

Ukitaka kujua siri za watu wa ploti yenu, waambie unasomea udukuzi. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, kijana wa M-Pesa pale chini, na kabla wiki kuisha nilikuwa na foleni mlangoni. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja na sahani ya maandazi, akataka nimfungulie WhatsApp ya mumewe. Mama mboga alitaka akaunti yake ya Facebook iliyopotea tangu 2019. Msee tuliyekuwa naye chuo aliuliza kama naweza kugeuza D iwe B, "semista moja tu, manze, hata hawatajua." Kila mmoja alikuwa ameshapanga bei. Hakuna aliyeuliza kama ni halali. Waliuliza vile unavyomuuliza fundi wa simu: nirudi saa ngapi?

Mama mboga nilimsaidia, kwa sababu akaunti ilikuwa yake na njia ya kuidai iko wazi kwa kila mtu. Hao wengine niliwakatalia, na wakaondoka wakiamini kwamba sijui kazi. "Kumbe wewe ni wa vitabu tu," yule wa chuo alisema. Jirani aliniachia maandazi, lakini salamu zake zilipoa mwezi mzima.

Nimejifunza usalama wa mtandao kwa miaka miwili sasa. Nimekutana na mengi magumu: hesabu za kuficha ujumbe, lugha za programu, usiku mzima wa kutazama skrini nyeusi inayokataa amri kwa sababu ya nukta moja. Lakini gumu kuliko yote halina somo lake. Ni namna ya kuwa na ufunguo wa nyumba ya mtu na bado ukakaa nje.

Nilianzia kwenye uandishi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipowashinda watu wa nyumbani, nikawa naandikia watu makala kwa kuhesabiwa maneno. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka makala 10 kuhusu nywila na jinsi zinavyoibwa. Kufikia ya nne nilikuwa nasoma kuliko ninavyoandika. Nikanunua laptopu kuukuu Luthuli Avenue, ya ramu ya GB 4 na betri inayoshikilia dakika 20, nikaiwekea Linux, ambayo ni ya bure.

Watu hufikiri unaanza kwa kuvunja benki. Mimi nilianza na mchezo wa OverTheWire unaoitwa Bandit. Hauna picha wala sauti. Unaingia kwenye seva yao kwa amri, unatafuta nywila iliyofichwa ndani ya faili, na nywila hiyo ndiyo inakufungulia ngazi inayofuata. Ngazi za mwanzo, faili liko mbele ya macho yako. Baadaye jina lake lina nafasi katikati, kisha limefichwa, kisha limechanganywa na mengine chungu nzima. Hulipi chochote, na kwa kuwa ni maandishi matupu, haumalizi bando. Kwa mtu anayenunua data ya shilingi 50 kwa wakati, hilo si jambo dogo.

Nilipompigia Mama kumwambia ninachosomea, nilitumia jina lile kila mtu anatumia: saiba sekyuriti. Akanyamaza. Kwake saiba ni pale penye kufotokopi na kujaziwa fomu za HELB, na sekyuriti ni soja wa geti. "Yaani umeacha chuo uende kulinda saiba?"

Nilicheka, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hakuwa mbali. Soja mzuri si yule mwenye rungu kubwa. Ni yule anayejua nani anaruhusiwa kuingia, na anayekisoma kitabu cha wageni badala ya kukijaza tu. Mifumo ya kompyuta nayo ina vitabu vya wageni. Kila anayeingia, kila anayejaribu nywila ikakataa, huandikwa: saa ngapi, kutoka wapi, mara ngapi. Kazi nyingi za kuanzia katika fani hii ni kukaa usiku ukisoma kitabu hicho. Jaribio moja la nywila saa nane za usiku si kitu. Majaribio 400 kutoka anwani moja, kisha la 401 likakubali, hapo unaamsha watu.

Milango nayo ipo. Kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani, kama nambari ya ploti, na anwani hiyo moja inaweza kuwa na milango 65,535. Kila huduma hukaa nyuma ya wake. Tovuti ile yenye alama ya kufuli, kwa kawaida, iko nyuma ya mlango 443. Kuna programu inayoitwa Nmap, aliyoitoa Gordon Lyon mwaka 1997, ambayo hupita ikibisha mlango baada ya mlango na kuandika nani ameitika. Mlinzi huitumia kujua mlango upi umesahauliwa wazi. Mwizi huitumia kwa sababu hiyo hiyo, kwa amri zile zile, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kazi yenyewe. Sisi tumelelewa na hodi. Ukifika kwa mtu, hata kama mlango uko wazi na unamwona mwenyewe jikoni akigeuza ugali, unasimama nje, unapiga hodi, unangoja karibu. Mlango kuwa wazi si karibu. Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inasema jambo linalofanana na hilo kwa Kiingereza kirefu: anayevunja ulinzi wa mfumo ili aingie bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili. Neno zito hapo ni moja tu, idhini. Utaalamu wako hautajwi.

Kuna mtu ambaye hadithi yake hunirudia kila nikifikiria hili. Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ikidai kikombozi. Marcus Hutchins, kijana wa miaka 22 aliyekuwa anaishi kwa wazazi wake Devon na asiye na digrii, aligundua kwamba kabla ya kuanza kazi programu hiyo huulizia tovuti fulani ambayo haikuwepo. Akaisajili anwani hiyo kwa dola kama 11. WannaCry ikaanza kuipata, ikasimama. Dunia ikamwita shujaa. Miezi mitatu baadaye FBI walimkamata Las Vegas kwa sababu ya programu ya kuibia watu benki aliyoiandika miaka ya nyuma, akiwa bado kijana mdogo. Alikiri mahakamani mwaka 2019, na jaji, akipima pande zote mbili, hakumfunga zaidi ya muda aliokwisha kushikiliwa. Vidole vilikuwa vile vile. Kilichotofautisha mwizi na shujaa ni nani aliyekuwa amemruhusu afanye nini.

Nilikuwa nimesoma hayo yote kabla ya habari ya risiti.

Dada yangu mdogo anasoma katika chuo kimoja cha kiufundi ambacho sitakitaja. Siku moja alinitumia linki ya risiti ya karo nimchapishie mjini. Niliibonyeza kwenye simu yangu. Ikafunguka. Haikuuliza nywila, haikuuliza mimi ni nani. Mwisho wa anwani kulikuwa na nambari. Nikamwomba anitumie linki ya risiti ya muhula uliotangulia. Nayo ikafunguka, na nambari yake ilikuwa ndogo kidogo. Mbili hizo zilitosha kuonyesha mpangilio: risiti za chuo kizima zilihesabiwa moja baada ya nyingine, na hakukuwa na mtu langoni.

Umewahi kuingia jengo la ofisi pale mjini? Soja anakusukumia kitabu, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Macho yako yakipanda mstari mmoja tu, unasoma ya aliyekutangulia. Tovuti ya chuo ilikuwa kitabu hicho, ila kimewekwa kando ya barabara kuu, na mistari yake ina jina la mwanafunzi, simu ya mzazi, kiasi kilicholipwa na salio. Si udhaifu wa ajabu. OWASP, shirika linaloorodhesha dosari zinazosumbua tovuti zaidi, liliweka aina hii nambari moja katika orodha yake ya mwaka 2021.

Sikugusa nambari nyingine. Zile mbili zilikuwa za dada yangu, na yeye ndiye aliyenipa.

Mtu anaweza kusema, risiti ni risiti, kuna ubaya gani? Fikiria tapeli wa kawaida. Yeye hubahatisha: ile pesa tuma kwa hii namba. Anatuma kwa watu elfu moja akitumaini kwamba mmoja wao leo ana pesa ya kumtumia mtu. Sasa fikiria ujumbe unaosema: mzazi wa fulani, wa kozi fulani, salio lako ni 14,200, lipa leo kwa nambari hii asizuiwe mtihani. Jina ni sahihi, kozi ni sahihi, salio ni sahihi hadi shilingi ya mwisho. Huyo habahatishi tena.

Nilimwendea rafiki tuliyekuwa tukisoma naye nimuulize jambo kama hili huripotiwa wapi. Chuo sikumtajia. Siku mbili baadaye nilipigiwa na mtu nisiyemjua, sauti ya upole, heshima tele. "Bro, nasikia uko na mambo." Hakutaka nivunje chochote. Alitaka orodha tu: majina, simu, masalio. Shilingi 40,000, nusu mbele. Wakati huo nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili, 7,500 kila mwezi, na kwenye M-Pesa yangu kulikuwa na 310. Na kazi yenyewe, nilijua, ingechukua mistari kumi ya msimbo na muda wa kuchemsha chai.

Watu wanaozungumza juu ya vijana na uhalifu wa mtandao huongea kana kwamba ni tamaa ya magari. Sijaona gari lolote pale. Niliona mtu ambaye, miaka miwili nikijifunza, alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba ninachokijua kina bei.

Nilimwambia hapana. Nikiulizwa kwa nini, jibu langu ni dogo. Kwenye risiti ya dada yangu, chini ya jina lake, kulikuwa na nambari ya simu ya Mama. Wanaonunua orodha hawaruki jina la mtu. Wangempigia, naye ni mtu wa kulipa karo siku ile ile anayoambiwa, hata kama ni kwa kukopa kwenye chama. Kila mstari wa orodha ile ulikuwa na Mama wa mtu.

Niliandika kurasa mbili. Nimeona nini, nimeona vipi, nini sikukifanya, na namna ya kuziba. Nikazituma kwa barua pepe ya chuo. Siku 11, kimya. Siku ya 12 simu ikalia.

"Nani amekutuma?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza, na likarudiwa mara tatu. Nikasema sijatumwa na mtu. "Unajua hii ni kesi?" Nikasema nimefungua risiti mbili tu, zote za dada yangu, naye yuko tayari kusema hivyo. Nikasema pia, kwa adabu yote niliyofundishwa nyumbani, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taasisi ikigundua data za watu zimefikiwa na wasiohusika, kwa njia inayoweza kuwadhuru, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mstari ukawa kimya kidogo. "Tutaangalia," akasema, akakata.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Kila pikipiki iliyosimama nje ya geti usiku nilihisi imekuja kwangu. Nilikuwa nimepiga hodi kwa watu nikiwaambia mlango wao uko wazi, na wakanitazama kama aliyeuvunja. Ndiyo maana wengi wanaogundua mambo kama haya hunyamaza, na dosari hubaki pale pale hadi aipate mtu asiyepiga hodi.

Wiki mbili baadaye linki ya dada ilianza kuuliza nywila. Hakuna aliyeandika asante. Lakini iliuliza nywila.

Kutafuta kazi ni hadithi nyingine. Matangazo yanataka digrii ya kompyuta, uzoefu wa miaka mitatu na vyeti viwili, halafu chini wanaandika kwamba ni nafasi ya kuanzia. Mtihani wa Security+ wa CompTIA ni takriban dola 400. Ule wa OSCP, pamoja na mafunzo yake, unapita dola 1,500. Piga hesabu kwa shilingi ukiwa umekaa. Kilichonisaidia mimi ni kwamba mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza kufundisha na kutahini bure watu milioni moja kwa cheti chake cha msingi. Nilisoma miezi miwili, nikaketi mtihani, nikapita. Bure yenyewe ina mkia, kwa sababu ukifaulu unalipa dola 50 kila mwaka kukihifadhi cheti. Hata hivyo ni karatasi. Nilituma maombi 43 nikiwa nayo. Watatu walijibu, wote kusema pole.

Kilichonifungulia ni zile kurasa mbili. Niliondoa jina la chuo na kila kitu cha kukitambulisha, nikamwonyesha mwalimu wa mafunzo ya jioni niliyokuwa nikihudhuria, ambaye ana kampuni ndogo ya watu wanne. Alizisoma akiwa amesimama. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna kozi iliyowahi kuniambia: mteja hanunui udukuzi, ananunua ripoti. Wataalamu wake walijua kupata dosari kuliko mimi, lakini waliziandika kwa namna ambayo mkurugenzi hawezi kuelewa, na asichokielewa hakirekebishi. Alikuwa anatafuta mtu anayejua mashine kiasi na anayejua sentensi sana.

Basi ile kazi ya kuhesabiwa maneno haikuwa bure. Maneno yana uzito hata upande wa pili. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh na kuondoka na dola milioni 81. Walikuwa wametuma maagizo mengine mengi, na moja la dola milioni 20 lilikwama kwa sababu mtu alipaswa kuandika "foundation" akaandika "fandation", na karani wa benki iliyokuwa njiani akauliza hili ni neno gani. Nikisikia mtu akisema tahajia haina maana, humtajia hiyo bei.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa katika fani hii ilikuwa siku 5 kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo, shilingi 30,000. Ilianza na barua. Ilitaja mifumo tunayoruhusiwa kujaribu, moja baada ya nyingine, na ile tusiyoruhusiwa kugusa. Ilitaja tarehe, saa za kuanza na kumaliza, na nambari ya kupiga kitu kikiharibika. Chini palikuwa na sahihi mbili na muhuri wa zambarau. Niliisoma mara nne. Amri nilizozitumia siku hiyo ni zile zile ambazo bila karatasi hiyo zingenipeleka Industrial Area kwa wenye makosa.

Siku ya tatu tulipata dosari, dada wa ile ya chuo: mwanachama akiwa ameingia kwenye akaunti yake, angeweza kusoma taarifa za mkopo wa mwingine. Niliandika aya moja kuieleza, nikaifuta, nikaandika tena. Mhazini, mama wa umri wa Mama yangu, aliisoma miwani ikiwa puani, akaiweka chini.

"Kijana, niambie kama unamwambia mamako."

Nikamwambia habari ya kitabu cha soja na mstari wa juu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hiyo inamaanisha mwanachama yeyote anaweza kuona mkopo wake yeye mwenyewe, mhazini. Nikasema ndiyo, ila barua inaturuhusu kutumia akaunti za majaribio pekee, kwa hiyo wake sijauona.

Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, akavuta kiti karibu na changu.

"Sasa mimi nakuruhusu. Nionyeshe."

Nikamsukumia barua na kalamu, nikamwomba aliandike hilo pale chini na atie sahihi. Alicheka, akatikisa kichwa, akaandika.